Kiti cha Mikono na Mti Usiotulia

Stanley alipomkuta Livingstone mjini Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa mwaka 1871, mazungumzo yao ya mwanzo yalifanyika barazani. Stanley mwenyewe ameeleza mahali alipokaribishwa: baraza ya udongo chini ya upenu, juu yake mkeka na ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo wa mzee usipate baridi ya udongo. Livingstone alikuwa mgonjwa, mwili umemwishia njiani kutoka Manyema, magharibi ya ziwa, na alijua mgongo uliochoka unataka nini. Kikalio alikuwa nacho, egemeo alikuwa nalo. Mikono ya kuwekea viwiko ndiyo aliyoikosa.

Ukosefu huo si jambo dogo. Kikalio unaweza kukipata juu ya gogo, jiwe au baraza iliyoinuliwa, na egemeo waweza kuliazima kwa ukuta. Mkono wa kiti hauna pa kuazimwa. Unaning'inia hewani, umeshikwa nyuma kwenye egemeo na mbele kwenye mguu au kinguzo, kisha kila anayetaka kuinuka huukandamiza kwa uzito wa mwili wake, na akiinuka huuvuta upande. Kwa hiyo ukitaka kujua ustadi wa maseremala wa mahali popote, acha kutazama nakshi. Shika mkono wa kiti uutikise.

Katika Ujiji ya wakati ule kulikuwa pia na sababu ya njia. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Vitu vyote vya pwani vilipita njia hiyo juu ya vichwa na mabega ya wapagazi: merikani (kitambaa cha pamba cha Marekani), shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kurudi ilikuwa zamu ya pembe za ndovu. Kiti cha mikono huenda kisifikie uzito huo, lakini ni mzigo mpana wenye pembe kila upande, na njia ilikuwa ya mtu mmoja mmoja katikati ya vichaka. Reli ya kati ilipofika Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, hesabu hiyo ilibadilika. Kabla ya hapo, aliyetaka kukaa vizuri ilimbidi akae juu ya kile ambacho fundi wa hapohapo aliweza kukitoa katika mti wa hapohapo.

Na fundi wa hapohapo alikuwa mchongaji. Kuanzia Unyamwezi hadi ng'ambo ya ziwa kwa Watabwa, kiti cha heshima kilikuwa gogo moja lililopunguzwa kwa tezo mpaka kikabaki kikalio cha duara, miguu chini yake na, kwa watawala, egemeo refu nyuma. Kinachojulikana zaidi ni kile cha mtemi wa Buruku, kilichochukuliwa mwaka 1898 wakati wa utawala wa Wajerumani na ambacho ni mali ya makumbusho ya ethnolojia mjini Berlin. Kina miguu mitatu, kimo chake chapita mita moja, na mgongoni mwake amechongwa mtu akiwa amesimama. Miguu mitatu ni hesabu ya mtu anayejua sakafu ya udongo: kiti cha miguu mitatu hakiyumbi hata ardhi iwe na mabonde, cha miguu minne kitayumba mpaka ukipate mahali tambarare.

Kiti hicho hakina mikono, na sidhani ni kwa sababu mchongaji hakuifikiria. Mti una nyuzi ndefu zinazopanda kutoka mizizini kwenda juu. Nguvu yake yote iko katika urefu wa nyuzi hizo, na ukikata kipande kinachokwenda kinyume chake, kitavunjika kwa kishindo kidogo tu. Katika kiti cha gogo moja nyuzi zinasimama wima, kwa hiyo miguu na egemeo vina nguvu. Mkono ungelazimika kutoka kwenye egemeo kwenda mbele, kukatiza nyuzi hizo, na mtu wa kwanza kuuegemea ainuke angebaki nao kiganjani. Ili kupata mikono yenye nguvu ni lazima uchukue kipande kingine cha mti, kilale jinsi unavyotaka, kisha ukiunge. Hapo ndipo uchongaji unapoishia na useremala unapoanza, na hapo pia ndipo matatizo ya useremala yanapozaliwa.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kwamba mti haukubali kutulia. Gogo bichi limejaa maji. Likikauka hutoa kwanza maji yaliyomo ndani ya mashimo ya nyuzi zake, na hapo umbo halibadiliki. Lakini unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, kuta za nyuzi zenyewe huanza kutoa maji, na hapo mti husinyaa. Husinyaa kwa namna ya ajabu: kwa urefu karibu si kitu, kutoka kiini kwenda ganda kidogo, na kwa kuizunguka miduara yake takriban mara mbili ya hapo. Mwaloni mweupe wa Marekani, ukikaushwa kabisa, hupoteza karibu asilimia 10 ya upana wake kwa kufuata miduara. Ubao wa sentimita 30 hubaki na 27. Na mambo hayaishii hapo, kwa sababu mvua zikirudi mti hunywa unyevu wa hewa na kuvimba tena. Kigoma hupata mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kikali. Kila kiti mjini humo huvuta pumzi mara moja kwa mwaka, na kila kiungo chake huvutwa nayo.

Mafundi wa nchi mbalimbali walilijibu tatizo hilo kwa njia zisizofanana. Mbili kati ya njia hizo zastahili kutazamwa kwa karibu, na watu waliozibuni walikuja kuunganishwa na biashara ya Ujiji bila kuonana.

Ya kwanza ni ya pwani yetu. Kiti cha enzi cha Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na Unguja ni kiti kirefu cha mistari iliyonyooka, kwa kawaida cha mbao nyeusi, kina egemeo pana, mikono miwili na mahali pa kuwekea miguu mbele. Mwanahistoria James de Vere Allen alikiandikia makala mwaka 1989, na wasomi wamebishana kuhusu asili yake: Misri ya Wamamluki, Ureno, au India. Mimi sivutwi sana na ubishi huo. Pwani iliyofanya biashara na wote hao haina haja ya kumtaja baba mmoja. Kinachonivuta ni jinsi kilivyojengwa.

Kiti cha enzi hakina ubao mpana mahali mtu anapokaa wala anapoegemea. Ni fremu ya vipande vyembamba: nguzo za wima na mihimili ya mlalo, kila muhimili umechongwa ncha iwe ulimi, na ulimi huo umezamishwa katika tundu la mraba lililochimbwa kwa patasi kwenye nguzo. Nafasi zinazobaki katikati zimewambwa kwa nyuzi zilizopishanishwa kwa mpango mzuri. Yeyote aliyelala kitanda cha kamba ataitambua kazi hiyo mara moja. Matendegu, mifumbati, kamba za kuwamba: ni maarifa yaleyale yamesimamishwa wima yakawa kiti. Na maarifa hayo yanajibu swali la mti usiotulia kwa kulipunguza. Kipande cha upana wa sentimita tano, hata kikisinyaa kwa asilimia chache, hupoteza milimita moja au mbili tu, na hiyo haitoshi kupasua kitu. Nyuzi katikati hulegea na kukaza pamoja na fremu. Zikichakaa, mtu huwamba upya na fremu ikaendelea na maisha yake. Mikono nayo hulala juu ya nguzo za mbele na kuingia kwa ulimi kwenye nguzo za nyuma, nyuzi za mti zikienda sawa na mkono wa mkaaji. Kila kipande kinafanya kazi upande kilipo na nguvu.

Juu ya fremu hiyo wakapachika vipande vya pembe za ndovu au mifupa. Vikitazamwa kwa mbali hung'aa juu ya weusi wa mbao, na ni vizuri kweli. Lakini pembe ya karne ya 19 haikushuka pwani yenyewe. Ililetwa kutoka Manyema na ng'ambo ya ziwa, ikavushwa kwa mitumbwi na majahazi hadi Ujiji, ikapokewa na wafanyabiashara wa aina ya Mwinyi Kheri na Rumaliza, kisha ikabebwa hadi Bagamoyo na wapagazi wa kulipwa pamoja na watu waliotekwa utumwani. Mtu anayekisifu kiti cha enzi anapaswa kuwakumbuka hao katika sifa yake. Kilikuwa kiti cha bwana, na mkono wake wa kuegemea uliegemea mabega yao pia.

Njia ya pili ni ya Marekani. Walowezi wa Kiingereza waliofika Plymouth mwaka 1620, na waliowafuata, walikuta misitu ya aina ambayo Uingereza ilikuwa imeshaimaliza kwa kuikata. Viti vyao vya mikono vya mwanzo ni vya aina mbili. Aina moja ni ya waunganishaji: fremu nzito za mwaloni zenye ndimi na matundu, egemeo la ubao uliojaa nakshi. Thomas Dennis wa Ipswich, Massachusetts, aliyefariki mwaka 1706, ndiye anayetajwa mara nyingi kwa kazi hiyo. Ndimi zilifungwa kwa misumari ya mti, na tundu la msumari ndani ya ulimi lilitobolewa limepishana kidogo na lile la nje, hivi kwamba msumari ukigongwa huuvuta ulimi na kuukaza. Hakuna gundi. Nimezipenda sana fremu hizo, ingawa naamini ni viti vya kukalia kwa mateso: egemeo limesimama wima kabisa, na kikalio ni ubao mtupu.

Aina ya pili ni ya wakerezaji, na hii ndiyo yenye akili ninayotaka kuieleza kwa kirefu. Mkerezaji hakuwa na haja ya msumeno. Alichukua gogo bichi la mti wa familia ya mzaituni uitwao ash, akalipasua kwa kabari na nyundo kwa kufuata nyuzi, akapata vigongo ambavyo ndani yake hakuna uzi hata mmoja uliokatwa katikati. Akavifunga kwenye mashine ya kukerezea iliyozungushwa kwa mguu, akavifanya nguzo za mviringo na vipago, yaani vijiti vya mlalo vinavyounganisha nguzo. Kisha akavitenga. Vipago alivikausha kabisa karibu na moto. Nguzo aliziacha na ubichi kidogo. Halafu akatoboa nguzo kwa keekee, akazigongea ndani ncha za vipago zikiwa zimekaza.

Fikiria kinachofuata. Nguzo bichi inaendelea kukauka, na inavyosinyaa tundu lake linakibana kipago. Kipago kikavu nacho kinanyonya unyevu kidogo kutoka kwenye nguzo na kuvimba. Mmoja anakaza, mwingine anatanuka, na wiki chache baadaye hakuna mkono unaoweza kuvitenganisha. Tabia ileile ya mti inayovunja viungo vya fundi mwenye haraka imegeuzwa kuwa ndiyo inayofunga. Viti viwili vya namna hii, vinavyobeba majina ya William Brewster na John Carver wa Plymouth, vimehifadhiwa katika makumbusho ya Pilgrim Hall mjini humo, na vimepita miaka mia tatu bila gundi wala chuma.

Ustadi huo una siri ambazo hata wataalamu wamezikosa. Mwaka 1969 mchongaji aitwaye Armand LaMontagne alitengeneza kiti cha aina ya Brewster akakichakaza kionekane cha kale, na baadaye makumbusho ya Henry Ford yakakinunua kama kitu cha karne ya 17. Alipojitokeza na kusema ni kazi yake, ushahidi ulikuwa ndani ya matundu. Keekee ya kale huacha mwisho wa tundu ukiwa wa mviringo kama kijiko. Keekee ya kisasa aliyoitumia iliacha alama nyingine, na picha za eksirei zikaionyesha.

Kufikia miaka ya 1740 wakerezaji wa Philadelphia walikuwa na kiti kilichowazidi wote waliotangulia: Windsor, waliokichukua kutoka Uingereza na kukifanya chepesi. Hapa kikalio ni ubao mmoja mnene wa mti laini, umechimbwa ufuate umbo la makalio. Miguu ya mti mgumu huingia kwenye kikalio kutoka chini, na vijiti vya egemeo na mikono huingia kutoka juu. Hakuna nguzo inayopita kutoka sakafuni hadi egemeo, kwa hiyo kila sehemu hutengenezwa kwa mti unaoifaa: mti laini pale panapotakiwa kuchimbika, mti wa nyuzi ndefu kwenye vijiti vinavyopinda bila kuvunjika, mti mgumu miguuni. Upinde wa egemeo, na mara nyingi mkono wenyewe, ni ufito mmoja uliopikwa kwa mvuke na kukunjwa. Kwa kuwa mbao zilikuwa za rangi tofauti, walikipaka kiti chote rangi, mara nyingi ya kijani. Mwaka 1778 Francis Trumble alipewa kazi ya kutengeneza viti vya Windsor kwa jengo la bunge la Pennsylvania, lile ambalo ndani yake tangazo la uhuru lilikuwa limepitishwa miaka miwili kabla. Nchi iliyomkataa mfalme ilikaa kwenye viti vya mkerezaji, na viti hivyo vilikuwa vyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa mkono mmoja.

Kisha biashara ikaziunganisha njia hizo mbili. Septemba 1833 Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alitia sahihi mkataba na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja. Meli za Salem zilileta merikani, na merikani ikawa sarafu ya njia nzima hadi Ujiji. Zilirudi na pembe, ambazo sehemu kubwa iliishia Connecticut katika miji ya Deep River na Ivoryton kutengenezea vibonye vya piano. Zilirudi pia na sandarusi, yaani utomvu mkavu wa miti, iliyochimbwa pwani ya Mrima. Salem palikuwa na kiwanda cha kuisafisha, na ikiyeyushwa hutoa vanishi ngumu inayong'aa, waliyoipaka samani na magari ya farasi. Katika Connecticut hiyohiyo, Lambert Hitchcock alianza mwaka 1818 kutengeneza vipande vya viti na kuvisafirisha vikiwa havijaunganishwa, ili visijaze meli. Mpagazi wa Bagamoyo angemwelewa vizuri.

Turudi ziwani. Wachongaji wa mti mmoja hawapo tena katika maisha ya kila siku ya Ujiji, fremu imeshinda. Fundi wa Ujiji au Kigoma leo anakutengenezea kochi la mikono kwa mninga au mkurungu kutoka misitu ya miombo, na ana mbao ambazo Dennis na Trumble wangezililia. Mninga unasifika duniani kwa kusinyaa kidogo mno, haupindi kwa urahisi, na unakubali randa. Seremala aliyeuzoea mninga anaweza kusahau kabisa kwamba mti una tabia ya kutembea.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu viti vinavyotengenezwa sasa. Mbao bora zimekuwa adimu na ghali. Mkurungu uliingizwa mwaka 2019 katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 2022 ikaamuliwa jamii yote ya mininga ya Afrika ifuate. Mti wenyewe huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Kwa hiyo sokoni huja msonobari na mkaratusi, au mninga uliopasuliwa wiki iliyopita, na fundi anauunga kama alivyozoea: ulimi mfupi, gundi nyingi, msumari wa chuma wa kumalizia. Kiti kinatoka dukani kikiwa kimekaza. Kiangazi cha kwanza kinasinyaza ulimi, msumari unabaki peke yake ukikata nyuzi kila mtu anapoinuka, na mkono unaanza kulia. Mnunuzi humlaumu fundi. Fundi huilaumu mbao. Lawama yenyewe ni ya haraka, kwa kuwa mteja alitaka kiti kabla ya harusi ya Jumamosi.

Dawa haihitaji mashine. Ulimi wa mkono wa kiti uzame angalau theluthi mbili ya unene wa nguzo unayoingia, na mabega yake, yaani kingo zinazoukaa uso wa nguzo, yakatwe sawasawa ili yabebe uzito badala ya ulimi peke yake. Ukitobolewa, msumari wa mti mkavu unatosha kuufunga, na matundu yapishane milimita moja au mbili kama walivyofanya wa Ipswich. Kikalio cha ubao mpana kisigongelewe misumari pande zote. Kiachiwe upande mmoja huru ili kipumue, au kiwambwe kwa kamba. Anayetumia mkaratusi, mti unaopinda na kupasuka sana ukikauka, achague vipande vyembamba na asiuamini ubao mpana hata siku moja.

Na mbao zipangwe kivulini, vijiti vimetiwa katikati ya kila safu ili upepo wa ziwa upite, ncha zimepakwa mafuta ya mawese au rangi nzito zisipasuke, zikae hapo kiangazi chote kuanzia Juni. Mteja aliyelipa malipo ya awali mwezi wa tano aje mwezi wa tisa kuangalia fundi anavyochimba matundu.